Mwenyekiti wa Misiba

Wito wa mahakama ulipofika, Leonce aliusoma akiwa amesimama palepale kwenye sanduku la barua, na kitu cha kwanza kumjia kichwani hakikuwa haki wala sheria. Kilikuwa harusi ya Abigail. Alitakiwa mahakamani katikati ya Houston Jumanne asubuhi, achujwe pamoja na wananchi wengine hadi wapatikane kumi na wawili wa kukaa juri na kuamua kama mtu fulani ana hatia au hana. Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyohiyo, huko Grand Prairie, mwendo wa nusu siku kwa gari ukihesabu foleni, na mwenyekiti wa kamati alikuwa yeye.

Tuseme ukweli, Leonce alikuwa mwenyekiti wa kila kitu. Watanzania wa Alief na Missouri City, vitongoji vya Houston, walikuwa hawamwiti hata kwa jina. Walimwita Mwenyekiti, na yeye aliitika kama mtu aliyebatizwa hivyo. Harusi alizipenda kwa sababu ya maikrofoni, lakini kazi aliyoheshimiwa nayo hasa ilikuwa misiba. Mtu akifiwa, hata kama mwili uko Moshi au Mbeya, simu ya kwanza ilipigwa kwake. Ni yeye aliyepanga nani apike wali, nani alete maji, nani akodi viti, kina mama gani walale na mfiwa. Na alikuwa mkali. Msibani, alisema, mtu haulizwi amekuja kufanya nini, anakuja, anakaa. Aliwahi kumgombeza Samson mbele za watu kwa kuaga mapema, tena msiba wenyewe ulikuwa wa jirani wa Samson ambaye Samson hakuwahi hata kusalimiana naye.

Wito uleule ulieleza upande wa nyuma kwamba mwenye shughuli anaweza kuomba tarehe nyingine. Leonce hakugeuza karatasi. Alimpigia simu Humphrey, baba wa bibi harusi, na Humphrey akacheka mpaka akakohoa.

"Acha ushamba, Mwenyekiti. Jifanye hujui Kiingereza. Samson alifanya hivyo alipokuwa bado anaishi huku Dallas, kabla ya lunch alikuwa ameshafika home."

Mkewe, Prudensia, ambaye ni nesi na hana muda wa utani wa Humphrey, hakucheka. Alikuwa akikunja nguo sebuleni, na bila kuinua macho akamkumbusha siku alipoapishwa uraia, jinsi alivyolia mbele ya watu na kusema kwamba sasa na yeye ni mtu katika nchi hii.

"Leo wamekuita kama mtu, Baba Ndeshi," akasema. "Unakimbia nini?"

Leonce akajibu kwamba hakimbii kitu, ana shughuli tu. Akaingia chumbani kutafuta tai.

Alivaa tai, ndiyo. Mtu anakwenda kudanganya kwamba hajui Kiingereza na bado anataka aonekane msomi. Ndivyo alivyokuwa.

Waliingizwa kwenye chumba cha mahakama kwa mistari, kila mmoja na namba yake. Leonce alipangiwa mstari wa pili, na kwa minong'ono aliyoisikia kwenye korido, wa mistari ya mbele ndio wanaochukuliwa kwanza. Alipoketi akatazama mbele. Kwenye meza ya mshtakiwa alikaa kijana mweusi, mwembamba, ndani ya suti iliyomzidi mabega. Pembeni yake alikuwa mwanamke aliyemwinamia na kumnong'oneza kila neno la jaji, na maneno yale yalikuwa Kiswahili.

Mwanamke huyo Leonce alimfahamu. Aliitwa Nyaboke, Mkenya, mkalimani wa mahakama. Mwezi uliotangulia tu walikuwa ukumbi mmoja kwenye harambee ya kanisa, na Leonce ndiye aliyeiendesha kutoka mwanzo hadi mwisho kwa Kiingereza cha kumiminika, akitania wachungaji. Nyaboke aliinua macho, akamwona, akayarudisha chini haraka. Kazi yake haikumruhusu kumfahamu mtu mle ndani.

Jaji akaeleza shauri. Kijana aliitwa Yves, Mrundi, mfanyakazi wa kufua mashuka hotelini. Alikuwa akitoka kazini asubuhi pale gari lake lilipogongana na la mzee mmoja kwenye makutano ya barabara huko Alief, na yule mzee akafa. Serikali ilisema Yves alipita taa ikiwa nyekundu. Yves alisema ilikuwa ya kijani. Hakuna mwingine aliyeiona taa hiyo.

Mwendesha mashtaka akauliza maswali yake, kisha akasimama wakili wa kijana, dada mdogo mwenye sauti ya upole. Aliuliza jambo lililofanya Leonce akae wima. Alisema, hebu fikirieni mtu aliyepata ajali, na mwenzake akafa. Siku chache baadaye mtu huyo anakwenda nyumbani kwa marehemu na masufuria ya chakula. Hawamjui. Anakaa nje, juani, kutwa nzima, analia. Hasemi kitu. Ni wangapi kati yenu mtakaosema kwamba huyo anajua amekosa?

Mikono ikainuka. Ilianza ya wachache, halafu wengine wakatazama pembeni na wao wakainua, mpaka chumba kikawa kama darasa lililoulizwa swali rahisi. Bwana mmoja alisema wazi kwamba mtu mwenye dhamiri safi angebaki kwake. Mama mmoja akasema yeye angeogopa na kuita polisi.

Leonce hakuinua mkono. Aliona kila kitu kana kwamba alikuwepo: kijana ameambiwa na wakubwa wake aende, amebeba masufuria, amefika kwa watu asiojua hata lugha yao, amekaa nje kwa sababu ndani hajakaribishwa, na amelia kwa sababu mtu amekufa. Hakuna kosa lolote pale. Kosa lingekuwa kutokwenda. Kati ya wananchi wote walioitwa siku ile, mtu aliyelijua hilo kwa undani alikuwa mmoja, na alikuwa amevaa tai.

Wakili aliiona mikono ya Leonce iliyotulia magotini. Akatazama karatasi yake, akamwita kwa jina, akilitamka vibaya kidogo, na kumuuliza kwa nini yeye hakuinua.

Jibu lilikuwa tayari kinywani. Lingetosha sentensi mbili. Lakini akaona pia yatakayofuata: maswali mengine, kuchaguliwa, kesi ya wiki nzima au zaidi, ukumbi wa Grand Prairie umejaa na maikrofoni ameshika Samson. Yves alikuwa ameinua uso na kumtazama. Leonce akamkwepa macho.

"No English," akasema.

Jaji akamwuliza polepole, kama mtu anayezungumza na kiziwi, anazungumza lugha gani. Leonce alitamani kusema lugha yoyote ya dunia isipokuwa ile, lakini kichwa kilikuwa kimeganda. Akasema Kiswahili. Uso wa jaji ukachangamka. Basi tuna bahati, akasema, mkalimani tunaye hapahapa.

Nyaboke akasimama. Alimwuliza Leonce, kwa Kiswahili, swali la jaji: je, ameelewa yaliyosemwa asubuhi hiyo? Sasa wote waliokijua Kiswahili mle ndani walikuwa wanamsikiliza. Hakuwa amejiandaa kwa mtego huo, wala Humphrey hakuwahi kuutaja.

"Sielewi," Leonce akasema. "Kiingereza changu ni cha kuombea maji tu."

Nyaboke alimtazama usoni. Kisha akamgeukia jaji na kutafsiri neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza. Jaji alitazama ile tai, akashusha pumzi, akamshukuru Leonce kwa kuja na kumruhusu aende. Yves alikuwa ameshainamisha kichwa.

Njia ya kutokea ilipita kwenye benchi la mwisho, na pale alikaa mama mtu mzima mwenye kitenge na sweta. Leonce alipokaribia, yule mama aliinuka kidogo kwenye kiti kama anayetaka kumpa mkono. Leonce akatazama viatu vyake mpaka mlangoni.

Harusi ilikwenda vizuri, na hapo ndipo aibu yake ilipozidi kukua, ingawa mwenyewe hakujua. Alishika maikrofoni jioni nzima. Alitania wakwe kwa Kiswahili, akawageukia wageni wa Kimarekani na kuwatania kwa Kiingereza, watu wakapiga meza. Katikati ya keki na zawadi akawasimulia jinsi alivyoipiga chenga mahakama. Akaigiza sauti ya jaji, akaigiza uso wake mwenyewe uliozubaa, akasema "No English" kwa namna iliyofanya Humphrey ajipanguse machozi. Habari ya masufuria hakuigusa. Prudensia alitoka nje wakati huo na hakurudi mpaka muziki ulipoanza.

Siku zikapita. Leonce akawa hapendi tena misa ya Kiswahili, ile ya Warundi, Wakongo na Watanzania. Alisema maegesho yanamsumbua, akahamia misa ya mapema ya Kiingereza.

Alikutana na Nyaboke kwenye duka la Waafrika pale Alief, mbele ya magunia ya unga. Hakukuwa na pa kujificha. Alimsalimu, akajaribu kucheka, na Nyaboke hakumsaidia kucheka. Leonce akauliza, kwa sauti ambayo hakuitambua, kesi ya yule kijana iliishaje.

"Guilty," Nyaboke akasema. "Miaka nane. Akimaliza wanam-deport, na hiyo Burundi hajawahi kuikanyaga. Alizaliwa camp, huko Tanzania."

Leonce alisema labda ushahidi ulikuwa mzito. Nyaboke akamwambia ushahidi ulikuwa video. Nyumba ya marehemu ina kamera mlangoni, na kamera ilimchukua Yves kutwa nzima, amekaa ukingoni mwa barabara, masufuria yako pembeni, kichwa mikononi. Mwendesha mashtaka aliichezesha tena na tena, na kila mara alimalizia na swali lilelile: mtu asiye na kosa analilia nini kwa watu asiowajua?

"Yule lawyer wake ali-explain," akasema. "Mama ya kijana pia ali-explain, mimi ndiye nilim-interpret. Lakini lawyer analipwa, mama naye ni mama. Huko ndani walikuwa kumi na wawili peke yao, na hapa akikataa mmoja tu hawawezi kumfunga. Mmoja tu. Huko ndani hakuna mtu aliwaambia."

Aliinua mfuko wake wa unga, kisha akaushusha tena.

"Mimi nilisema vile ulisema, bwana. Hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini hiyo uongo nimeibeba."

Tangu siku hiyo chakula kilimshinda Leonce. Alimweleza Prudensia yote, naye akamsikiliza mpaka mwisho, na hakumwambia "nilikwambia", ingawa alikuwa na haki ya kusema. Alimwambia amtafute yule wakili. Leonce akavaa, akaendesha gari mpaka kwenye jengo lenye ofisi yake, akaegesha, akakaa ndani ya gari. Angesema nini? Kwamba alidanganya mahakama? Na akisema, kijana atatoka? Hakuna jaji atakayewarudisha watu wale chumbani na kuwaambia waanze upya kwa sababu mwenyekiti mmoja alikuwa na harusi. Alikaa mpaka kioo kikamwonyesha uso wake mwenyewe na akachoka kuutazama. Akarudi nyumbani. Hakukuwa na kitu cha kurekebisha, na kulijua hilo ndiko kulikommaliza.

Mama yake alifariki Rombo kabla ya mwaka kuisha.

Sasa ikawa zamu yake kukaa chini na kuhudumiwa. Samson ndiye aliyepanga viti. Nyumba ikajaa, magari yakapanga mstari barabara nzima, masufuria yakafunika jiko. Humphrey alikuja kutoka Grand Prairie na hakutania. Wakati watu wakisali rozari, waliingia kina mama wa misa ya Kiswahili, wamejitwisha vyakula, na wa mwisho wao alikuwa na kitenge na sweta.

Leonce alimtambua kabla hajavua viatu. Yule mama alipeana mikono na wafiwa mmoja mmoja, akafika kwake, akamshika kwa mikono miwili, akasema pole. Kisha akaenda moja kwa moja jikoni, akakunja mikono ya sweta na kuanza kuosha vyombo, kama mtu wa nyumbani. Aliitwa Dévote, Leonce alisikia wenzake wakimwita.

Alivumilia kadiri alivyoweza. Mwishowe akainuka mkekani, akamfuata. Jikoni hakukuwa na mwingine.

"Mama," akasema, "unanifahamu?"

"Nakufahamu, baba. Ulikaa mstari wa pili."

"Na umekuja?"

Dévote alimtazama kana kwamba hakuelewa swali. "Wametangaza kanisani umefiwa na mama," akasema. "Ningekaaje nyumbani?"

Dévote akaendelea kusugua sufuria, akizungumza bila haraka. Alisema siku ile mahakamani alipomsikia akitaja Kiswahili alifurahi, akasema moyoni, yupo mmoja anayetujua. Halafu alipomsikia akijibu, akamhurumia. Akajiambia, huyu naye ni kama sisi, Kiingereza kimemshinda, si kosa lake. Alitaka kumpa mkono akipita, lakini akamwona ana haraka.

"Mimi ndiye nilimtuma Yves kule," akasema. "Hakutaka, aliogopa. Nikamwambia mtu amekufa, mwanangu, huwezi kukaa ndani. Nikampikia, nikampakilia masufuria kwenye gari la jirani. Kila usiku nasema ningenyamaza tu."

Leonce alifungua mdomo amwambie. Alikusudia kweli kumwambia, hilo tumpe. Lakini mlango wa jikoni ukafunguka na akaingia bosi wake, Lenny, Mmarekani mrefu mwenye shada la maua mkononi na uso wa mtu aliyepotea. Hakujua aweke wapi maua wala akae wapi. Alimpa Leonce pole, kisha kwa sauti ya chini, kwa adabu, akamwuliza hawa watu wote ni ndugu? Na huyu mama anayeosha vyombo, alimfahamu marehemu?

Angeweza kuitikia kwa kichwa. Angeweza kumshika mkono na kumtoa nje. Lakini alikuwa ameshiba ukimya, na Kiingereza kikamtoka chenyewe, kile cha harambee na cha harusi, kimenyooka, hakina hata doa. Alimweleza Lenny kwamba hapana, huyu mama hakumfahamu marehemu. Kwamba kwao mtu akifa watu huja. Huja na chakula, hukaa, hulia, hata kwa mtu ambaye hawakuwahi kumwona. Kwamba hiyo haina maana wana deni naye wala wamemkosea. Wamekuja kwa sababu mtu amekufa, na kosa lingekuwa kubaki nyumbani.

Lenny alisikiliza, akaitikia polepole. Akasema hilo ni jambo zuri, na kwamba ukishaelezwa, ni rahisi kabisa kulielewa. Akaweka maua juu ya friji na kwenda sebuleni kukaa na wengine.

Bomba lilikuwa limefungwa. Leonce hakujua lilifungwa saa ngapi. Dévote alikuwa amesimama na sufuria mkononi, maji yakidondoka kwenye sweta, anamtazama mdomoni.

"Umemweleza kwa Kiingereza?" akauliza.

"Nimemweleza, mama."

"Habari ya kuja msibani?"

"Ndiyo."

"Na ameelewa?"

Sebuleni walikuwa wameanza wimbo.

"Ameelewa," Leonce akasema.

Dévote akaitikia kwa kichwa taratibu, mara moja. Kisha akageuka, akafungua bomba, akaendelea kuosha, kwa maana vyombo vya msiba vilikuwa bado vingi.